Fundi bomba katika jiji la baridi kali: kampuni kubwa, fundi wa kujitegemea au jamaa wa kazi ndogondogo?

Nyumba tunayoishi mjini Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, Marekani, ilijengwa mwaka 1926, na aliyeichora alipenda dirisha kuliko bomba, kwa maana aliliweka sinki la jikoni kwenye ukuta wa kaskazini ili anayeosha vyombo aone bustani. Kwa sehemu kubwa ya mwaka uamuzi huo hauna madhara yoyote. Alfajiri ya tarehe 30 Januari 2019, kipimajoto cha uwanja wa ndege wa jiji kiliposhuka hadi nyuzi 28 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, yaani takribani nyuzi 33 chini ya sifuri kwa Selsiasi, koki ya jikoni ilikohoa mara mbili ikanyamaza. Ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa na daktari wa meno, fundi wa gari na msusi, lakini sikuwa na fundi bomba.

Siku hiyo niliwapigia simu watu watatu wa aina tatu tofauti, na tangu hapo nimewatumia wote kwa kazi mbalimbali. Ninawalinganisha hapa kwa ajili ya wenzangu wanaozungumza Kiswahili waliohamia Minneapolis, Saint Paul na vitongoji kama Brooklyn Park, kwa sababu wengi wetu tumekulia mahali ambapo bomba hupita nje ya ukuta, tenki hukaa juu ya nyumba, na fundi huitwa kesho au keshokutwa bila hasara kubwa zaidi ya maji kumwagika uani. Nitangulize hukumu yangu: katika jiji la baridi unahitaji namba mbili za simu, moja ya usiku na moja ya kazi iliyopangwa, na zote mbili zitafutwe kabla theluji haijaanguka. Yule wa tatu, jamaa wa kazi ndogondogo, ambaye mara nyingi ndiye tunayempenda zaidi, ana kazi zake, lakini kazi hizo si za mabomba.

Namna baridi inavyobadilisha hesabu

Maji yakiganda hutanuka kwa takribani asilimia 9, na watu wengi hudhani kwamba barafu yenyewe ndiyo inayopasua bomba pale ilipo. Kwa kawaida sivyo. Barafu huziba njia, kisha maji yaliyonaswa kati ya kizibo hicho na koki iliyofungwa hubanwa kadiri barafu inavyokua, mpaka shinikizo lilishinde bomba mahali palipo dhaifu, pengine futi kadhaa kutoka kwenye barafu. Ndiyo sababu kuiacha koki itiririshe maji kidogo usiku wa baridi kali husaidia hata pale ambapo mtiririko huo hautoshi kuzuia barafu isifanyike: shinikizo linapata pa kutokea. Kwa mabomba yasiyokingwa yaliyopita kwenye kuta za nje, hatari huanza nje kunapofika karibu nyuzi 20 za Fahrenheit, yaani kama nyuzi 7 chini ya sifuri za Selsiasi, na katika jiji hili kiwango hicho ni jambo la kawaida la majira.

Jambo la pili ni muhimu zaidi kwa anayetafuta fundi. Bomba lililopasuka halivuji likiwa limeganda, huvuja linapoyeyuka. Kwa hiyo simu za mafundi hufurika baridi inapolegea, wakati kila nyumba yenye ufa inapoanza kumwaga maji siku moja. Anayeanza kutafuta fundi siku hiyo hachagui; huchukua yeyote anayepokea simu, kwa bei yoyote atakayotajiwa. Mimi nami, ingawa baridi ilikuwa haijalegea, nilikuwa nimechelewa vivyo hivyo.

Watu watatu, ukuta mmoja

Wa kwanza kupokea simu yangu alikuwa mhudumu wa kampuni kubwa yenye magari mengi na matangazo kwenye redio, aliyeniambia kwa upole kwamba fundi angefika kesho yake jioni, na kwamba kufika tu kulikuwa na ada. Wa pili alikuwa fundi mkuu mwenye leseni anayefanya kazi na msaidizi mmoja. Hakuwa na nafasi kabla ya Jumamosi, lakini alinipa dakika kumi za maelekezo bila malipo: fungua milango ya kabati chini ya sinki joto liingie, iache koki wazi, washa draya ya nywele, anza kupasha upande wa koki ukirudi nyuma kuelekea palipoganda, na usiguse kitu chochote chenye moto. Wa tatu alikuwa jamaa tuliyefahamiana msibani, fundi hodari wa kila kitu, ambaye alifika baada ya saa moja akiwa na kichomeo cha gesi mkononi.

“Dada, hii ni kazi ya dakika kumi,” aliniambia, akapiga magoti mbele ya kabati.

Nilimwomba akiweke kichomeo chini. Ndani ya kuta za nyumba za umri huu kuna papi za mbao kavu zilizokandikwa plasta, vumbi la miaka tisini na pengine magazeti makuukuu, na moto ukishika humo hupanda hadi darini kabla hujauona. Tulitumia draya ya nywele kwa muda usiopungua saa moja, kwa zamu, mpaka maji yakaanza kupiga chafya kwenye koki. Kisha tukasikia sauti ya mvua ndani ya ukuta. Ufa ulikuwa mwembamba, urefu wa ukucha wa kidole gumba. Nilikimbilia besimenti, chumba cha chini ya nyumba, kufunga koki kuu iliyo kando ya mita, nayo ilikuwa geti valvu ya zamani, ya gurudumu. Nililizungusha gurudumu, likazunguka na kuzunguka, na maji hayakusimama. Jamaa ndiye aliyeuvunja ukuta kwa nyundo na kuubana ufa kwa kipande cha mpira na klampu mbili, na lazima nikiri kwamba bila mikono yake sakafu ya jikoni ingekwisha. Kiraka hicho kilidumu hadi Jumamosi.

Nimesimulia haya kwa kirefu kwa sababu yanaonyesha ubora na udhaifu wa kila mmoja. Kampuni ilikuwa na uhakika wa kufika, ila kwa ratiba yake. Fundi mkuu alikuwa na maarifa, ila hakuwa na muda. Jamaa alikuwa na muda na moyo, akakosa leseni, bima na hofu ya moto.

Leseni: tofauti isiyoonekana machoni

Katika jimbo la Minnesota kazi ya mabomba si ya kila mwenye spana. Idara ya Kazi na Viwanda ya jimbo husajili wanagenzi, hutoa leseni kwa fundi kamili baada ya miaka ya mafunzo kazini na mtihani, na juu yake kuna leseni ya fundi mkuu. Kampuni inayoingia mkataba na mwenye nyumba nayo lazima iwe na leseni yake, iwe na fundi mkuu anayewajibika kwa kazi zake, iweke dhamana ya dola 25,000 na iwe na bima ya madhara kwa watu na mali. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la kampuni kwenye tovuti ya idara hiyo na kuona kama leseni iko hai. Ni kazi ya dakika mbili, nami nashangaa ni wangapi kati yetu hawaifanyi, ilhali hatununui gari kuukuu bila kuuliza historia yake.

Kwa kipimo hiki kampuni kubwa na fundi wa kujitegemea wako sawa kabisa. Ukubwa wa gari na rangi ya sare havimwongezei mtu leseni. Ninachouliza katika kampuni kubwa ni swali moja zaidi: nani hasa atakayeingia nyumbani kwangu, fundi kamili au mwanagenzi, na kama ni mwanagenzi, nani atasimama naye? Kwa fundi wa kujitegemea swali hilo halina haja, kwa kuwa aliyepokea simu ndiye atakayelala chini ya sinki.

Jamaa yetu anaangukia upande mwingine. Sheria ya jimbo humruhusu mfanya kazi ndogondogo za nyumba asiwe na leseni ya ukandarasi iwapo mapato yake ya mwaka hayafiki dola 15,000, na baadhi yao hukuonyesha cheti cha msamaha huo kana kwamba kinahalalisha kila kitu. Hakihalalishi mabomba. Vilevile, hawezi kukuchukulia kibali cha jiji, na kubadilisha hita ya maji au kupitisha bomba jipya kunahitaji kibali na mkaguzi. Matokeo yake huonekana baadaye: bima inapotaka kujua nani aliyeunga bomba lililolowesha dari, au siku ya kuuza nyumba, mkaguzi wa mnunuzi anapoiona hita mpya ambayo haina kumbukumbu yoyote jijini. Ajabu ni kwamba mwenye nyumba mwenyewe, akiwa anaishi humo, anaruhusiwa na sheria kufanya kazi hiyo kwa mikono yake, kwa kibali na ukaguzi. Anayepanga nyumba hana mzigo huu. Ni wajibu wa mwenye nyumba, na tangu mwaka 2024 sheria ya jimbo inamtaka ahakikishe joto la angalau nyuzi 68 za Fahrenheit kuanzia Oktoba mosi hadi Aprili 30.

Simfukuzi jamaa, hata hivyo. Kila vuli yeye ndiye huvisha mabomba ya besimenti sponji, huziba nyufa za msingi zinazopitisha upepo, na hufungua ukuta kabla fundi hajaja na kuupiga plasta baada ya fundi kuondoka, kwa gharama iliyo chini sana ya ile ambayo fundi bomba angenitoza kwa kazi asiyoipenda.

Bei ya kitabu au bei ya saa

Kampuni kubwa nyingi hutoza kwa bei ya kitabu. Fundi huangalia tatizo, hufungua kishikwambi, hukuonyesha kiasi kimoja, nawe hulipa kiasi hicho iwe kazi imechukua dakika arobaini au saa nne. Fundi wa kujitegemea mara nyingi hutoza kwa saa, pamoja na vifaa na ada ya kufika, na aghalabu ana muda wa chini anaouhesabu hata kama kazi ilikuwa fupi. Kila njia ina hali inayoifaa. Katika nyumba mpya, ambako kazi inatabirika, bei ya saa kwa kawaida humpa nafuu mwenye nyumba. Katika nyumba kama yetu, ambako kila nati imeshikana kwa kutu na kila ukuta una siri, bei ya kitabu humhamishia fundi hatari ya kukwama, na kuna siku hilo lina thamani kubwa. Makadirio niliyopewa kwa kazi ile ile moja, yaani kukata kipande cha bomba la jikoni na kuweka kipya pamoja na koki kuu mpya, yalitofautiana kiasi kwamba kubwa kabisa lilikaribia mara tatu ya dogo, na yote mawili yalitoka kwa watu wenye leseni.

Ambalo nimejifunza kulichunga katika bei ya kitabu ni kwamba katika baadhi ya kampuni anayekagua tatizo hulipwa kamisheni kwa anachouza. Miaka michache baadaye bomba la maji taka lilizibuka na kuziba tena, nikaita kampuni moja kubwa ambayo si ile ya kwanza. Kijana mstaarabu aliingiza kamera, akanionyesha mizizi ya mti ikining'inia ndani ya bomba la udongo wa kuchoma, jambo la kawaida katika mitaa yetu ya zamani yenye miti mikubwa, akaniambia bomba lote hadi barabarani lichimbuliwe, na kwamba bei ile ilikuwa ya siku ile tu. Niliomba nakala ya video na idadi ya futi kutoka tundu la kusafishia hadi mizizi ilipo, nikasema nitafikiri. Fundi wangu wa kujitegemea aliitazama video hiyo hiyo, akaona mizizi kwenye viungo viwili na bomba ambalo bado ni zima, akapendekeza likwanguliwe kwa mashine kila mwaka. Hadi leo ndivyo tunavyofanya. Sina maana kwamba bomba halitachimbuliwa kamwe. Siku moja litachimbuliwa, lakini nitakuwa nimeichagua siku hiyo mwenyewe. Ikumbukwe pia kwamba bima ya kawaida ya nyumba kwa kawaida hailipi maji taka yanayorudi ndani, mpaka uwe umeongeza kipengele hicho kwenye mkataba.

Kwa kazi kubwa kuna tahadhari moja inayowahusu wote wawili. Sheria ya Minnesota humpa fundi, fundi msaidizi aliyekodishwa, na hata duka lililouza vifaa, haki ya kuishikilia nyumba yako kama dhamana ya deni, na wana siku 120 baada ya kazi ya mwisho kuisajili haki hiyo. Maana yake ni kwamba unaweza kumlipa mkandarasi wako hadi senti ya mwisho, yeye asimlipe mchimbaji, na mchimbaji akaigeukia nyumba yako. Omba karatasi ya kuachilia haki hiyo, iliyotiwa saini na kila aliyeshiriki, kabla ya kutoa malipo ya mwisho.

Maji yakiganda chini ya ardhi

Mabomba makuu ya jiji hufukiwa kwa kina cha takribani futi 7 hadi 8, kwa sababu baridi huingia ardhini polepole na kwa kina ambacho mtu wa pwani hawezi kukidhania. Katika majira ya baridi ya 2013 hadi 2014 ilishuka kiasi kwamba mabomba yanayounganisha nyumba na barabara yaliganda sehemu nyingi za eneo hili, na wakazi walio hatarini wakashauriwa kuacha maji yatiririke kwa unene wa penseli usiku na mchana. Kinachowachanganya watu ni kwamba hili hutokea mwishoni mwa Februari na Machi, baridi ya hewani ikiwa imeanza kupungua ukali, kwa kuwa baridi iliyokwisha kuingia ardhini bado inashuka. Chini ya barabara iliyofagiliwa theluji, baridi hushuka zaidi kuliko chini ya bustani, ambako theluji hufanya kazi ya blanketi.

Mabomba hayo ni mali ya mwenye nyumba, si ya jiji, kwa hiyo gharama ni yako, na njia za kuyeyusha ni mbili. Ya zamani ni kupitisha umeme wa mashine ya kulehemu kwenye bomba la chuma au shaba mpaka lipate joto. Ni ya haraka, lakini umeme huo ukipata njia nyingine ndani ya nyumba unaweza kuanzisha moto, na kwa bomba la plastiki haufanyi kitu. Ya pili ni kuingiza mpira mwembamba kupitia kwenye mita na kusukuma maji ya moto yanayoila barafu kidogo kidogo, njia ya polepole ambayo mimi ningeichagua bila kusita. Hapa kampuni kubwa inamshinda fundi wa kujitegemea waziwazi, kwa sababu mashine hiyo ni ghali na fundi wa mtu mmoja mara nyingi hana.

Kama bomba hilo la kuingilia ni la madini ya risasi, na nyumba nyingi za zamani hapa zinalo, usimlipe mtu yeyote kulibadilisha kabla ya kupiga 311, namba ya simu ya huduma za jiji. Mwaka 2023 jimbo lilitenga dola milioni 240 ili mabomba ya risasi yaondolewe ifikapo mwaka 2033, na Minneapolis huyabadilisha bila kumtoza mwenye nyumba. Wako wanaopita mlango kwa mlango wakiuza huduma hiyo hiyo.

Shaba au PEX

Fundi akishafungua ukuta atakuuliza aunge kwa shaba au kwa PEX, plastiki inayopindika ambayo nyumba nyingi mpya hujengwa nayo. Asichanganywe mtu na mabomba ya plastiki ya PPR tunayoyajua nyumbani, ambayo huunganishwa kwa kuyeyushwa. PEX hubanwa kwa pete au hutanuliwa na kujibana yenyewe. Kwa ukuta wa nje katika jiji hili nachagua PEX. Hutanuka kidogo maji yakiganda ndani yake na mara nyingi hurudi katika hali yake, huku shaba ikipasuka. Hupinda kona bila viungo vingi. Na haihitaji moto wa kulehemu karibu na mbao kavu. Haina kinga kamili, kwa kuwa viungo vyake vya shaba nyeupe au plastiki ngumu vinaweza kuvunjika, na haivumilii jua wala joto kali lililo jirani na hita, ndiyo maana inchi 18 za kwanza kutoka kwenye hita huachwa kuwa za chuma. Shaba inabaki bora mahali panapoonekana na panapogongwa, kama besimenti, na panya hawaitafuni. Ila kuliko kubishana juu ya bomba, kubwa zaidi ni kulihamisha: fundi wangu alilitoa bomba la jikoni ndani ya ukuta wa kaskazini akalipandisha kupitia sakafuni, ndani ya kabati, na tangu siku hiyo halijaganda tena.

Hita yenye tenki au isiyo na tenki

Hapa wauzaji husahau kutaja mto. Maji ya Minneapolis hutoka Mississippi, na wakati wa baridi huingia nyumbani yakikaribia kuganda. Hita isiyo na tenki, ambayo mjini Mombasa ingeyapasha maji ya vuguvugu kwa nyuzi chache, hapa inalazimika kuyapandisha kwa nyuzi 80 za Fahrenheit au zaidi, na kadiri inavyopandisha ndivyo inavyopunguza wingi wa maji kwa dakika. Mashine iliyopimwa kwa tangazo la jimbo la joto itakupa bafu moja zuri la Julai na mtiririko wa kusikitisha mwezi Januari. Anayeitaka lazima anunue yenye nguvu kubwa, akubali gharama ya bomba pana zaidi la gesi, na aioshe chokaa mara kwa mara, hasa katika vitongoji vinavyotumia maji magumu ya visima, tofauti na Minneapolis ambako jiji lenyewe huyalainisha. Hita ya kawaida ya gesi yenye tenki la galoni 40 au 50 hukaa miaka kumi na kidogo, hula gesi kuyaweka maji moto hata usipoyatumia, lakini ile yenye kiwashio kinachowaka daima huendelea kufanya kazi umeme ukikatika. Nimebaki na tenki.

Safari ya Desemba

Wengi wetu husafiri kwenda Afrika Mashariki mwezi Desemba na kurudi baada ya wiki nne, na nyumba hubaki tupu katika wakati mbaya kuliko wote. Kuna anayeacha joto kwenye nyuzi 55 za Fahrenheit na kumwachia jirani ufunguo, na kuna anayefunga koki kuu na kufungua koki zote mabomba yakauke. Mimi hufanya yote mawili, kwa kuwa tanuri la kupashia nyumba joto likizimika, jirani hatajua mpaka siku ya pili, na bima nyingi hukataa kulipa zikigundua kwamba nyumba iliachwa bila joto na bila kufungwa maji. Nyumba inayopashwa joto kwa rejeta za maji iulizwe kwa fundi kwanza, kwa sababu boila yake hujazwa kutoka kwenye bomba hilo hilo. Koki ya nje ya bustani nayo haisamehe: zile za kisasa zisizoganda hufungwa kwa shina refu lililo ndani ya ukuta wenye joto, lakini ukiacha mpira wa bustani umeunganishwa, maji hunaswa kwenye shina na kuganda, shina hupasuka kimyakimya, na hutajua mpaka Mei, unapofungua maji nje na besimenti inapolowa.

Jinsi ya kumpata wa kwako mwezi Oktoba

Namba ya usiku ni ya kampuni kubwa, na swali la kuiuliza mapema ni ada ya kufika baada ya saa za kazi na kama wana mashine ya maji ya moto. Kampuni hizo pia huuza uanachama wa kila mwezi unaokupa kipaumbele. Kwa nyumba yenye mabomba kwenye kuta za nje unaweza kuwa na maana, kwa fleti hauna. Namba ya mchana ni ya fundi wa kujitegemea, na huyo ninampima kwa swali dogo: kwa nini sinki linakoroma na harufu ya maji taka kuingia ndani katika wiki ya baridi kali? Aliyefanya kazi hapa kwa miaka atakuambia bila kufikiri kwamba mvuke umeganda kwenye bomba la hewa juu ya paa na kuliziba. Umuulize pia nani humshikia kazi anapokuwa hayupo, kwa sababu wangu hutoweka kila Februari kwenda kuvua samaki kwenye ziwa lililoganda, na hapokei simu huko.

Kazi ya kwanza ya kumpa ni kubadilisha geti valvu ya zamani kando ya mita na kuweka koki ya mkono inayofungwa kwa robo mzunguko. Ni kazi fupi ambayo haiwezi kufanywa bila maji ya barabarani kufungwa kwanza, kwa hiyo utaona kama anapanga mambo mapema, kama anafika saa aliyosema, na kama anakuita besimenti kabla ya kuondoka ili uifunge na kuifungua mwenyewe mbele yake.